Tunamwambia Nini Msichana Aliyebakwa?

Leo tunazungumza juu ya ubakaji, na hasa juu ya maneno yetu wenyewe yanayoufanya uendelee.

Sisi wa Tigania tunaukumbuka usiku wa tarehe 13 Julai 1991. Katika shule ya sekondari ya mchanganyiko ya Mtakatifu Kizito, wavulana waliitisha mgomo, wasichana wakakataa kujiunga. Wasichana walipojificha pamoja katika bweni moja, wavulana walivunja na kuingia. Kulipokucha, wasichana 19 walikuwa wamekufa, wengi kwa kukanyagwa na kukosa hewa. Wengine 71 walikuwa wamebakwa.

Siku chache baadaye magazeti yalimnukuu naibu wa mwalimu mkuu, mwanamke kama wewe na mimi, akisema wavulana hawakuwa na nia mbaya, walitaka kubaka tu.

Mama, litazame hilo neno "tu". Ndani yake ndimo ugonjwa ulimo. Mtu husema "tu" kwa jambo alilolizoea. Watetezi wa haki za wanawake wametufundisha kwamba ubakaji si tamaa iliyomzidi mtu. Ni kutumia nguvu kumtawala mwingine. Wasichana wale walisema hapana, wakaadhibiwa kwa kusema hapana. Jambo kama hilo halianzi usiku mmoja. Huanza pale jamii inapolichukulia kuwa dogo.

Je, nyumbani kwetu hatuna "tu" zetu? Msichana akija analia, tunamwuliza: "Ulikuwa unatafuta nini huko usiku? Ulivaa nini?" Au tunasema: "Ndivyo wanaume walivyo." Au: "Nyamaza, utatuaibisha." Kisha wazee wanakaa, mbuzi anatolewa, mambo yanaisha. Yameisha kwa nani? Aliyetenda anabaki jirani, na mtoto anapita mlangoni pake kila siku akienda shule. Tena mara nyingi mtenda ni mtu anayejulikana: mjomba, jirani, mwalimu, hata baba. Mficha maradhi, kilio humwumbua.

Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006 haiwapi wazee, familia wala polisi ruhusa ya kuifuta kesi ya namna hii. Na tarehe 27 Mei 2013, Mahakama Kuu ya Meru ilitoa uamuzi mkubwa. Wasichana wadogo waliokuwa wamenajisiwa, wakisaidiwa na shirika la Ripples International, walilalamika kwamba polisi hawakuchunguza kesi zao ipasavyo. Mahakama ilikubali kwamba haki zao zilivunjwa, ikaamuru polisi wachunguze. Mama, kama watoto walisikilizwa mahakamani, nyumbani tutakataaje kuwasikiliza?

Basi, mtoto au mwanamke akikwambia amebakwa, fanya hivi:

1. Mwambie kwanza: "Nimekuamini. Kosa si lako." Usimpige, usimkaripie.

2. Asioge wala kufua nguo alizokuwa amevaa. Zifunge kwa gazeti au mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Ni ushahidi.

3. Mpeleke hospitali mara moja. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI lazima zianze kabla ya saa 72 kupita, yaani siku tatu, na zimezwe kwa siku 28. Dawa za kuzuia mimba hufanya kazi zikitumiwa mapema, kabla ya saa 120. Hata muda huo ukiwa umepita, nenda. Bado yapo matibabu na ushauri.

4. Ripoti polisi, upewe nambari ya OB na fomu ya P3. Fomu hiyo haiuzwi. Kama ni mahututi, aanze hospitali.

5. Piga simu bila malipo: 1195 kwa dhuluma za kijinsia, au 116 kwa mambo ya watoto.

Lakini kungoja mpaka aumie ni kuchelewa. Binti zetu tunawaonya kila siku: usipite kule, usichelewe, funika magoti. Wavulana tunawaambia nini? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mwambie mwanao kwamba msichana akisema hapana, amesema hapana. Kijana akimshika dada yake kwa nguvu nawe ukacheka, amejifunza. Ukimzuia na kumweleza kwa nini, amejifunza pia. Na awe anateka maji na kuosha vyombo kama dada yake, asikue akidhani wanawake waliumbwa wamtumikie.

Wasichana 19 hawakurudi kwao. Tuwaheshimu kwa kuchunga tunachosema jikoni, sokoni na kwenye chama. Ukisikia mtu akisema "ni kubaka tu", usinyamaze.