Kura ya Maoni Ikitushangaza, Tuiamini Kiasi Gani?



Novemba 2024, siku chache kabla ya Wamarekani kumchagua Rais, tulifika kwenye mkutano wa kikundi kimoja tukakuta hesabu za kuku zimewekwa kando. Redio ilikuwa imetangaza kwamba Kamala Harris anaongoza katika jimbo la Iowa. Mzee mmoja na kijana jirani yake walikuwa wamewekeana mbuzi. Mzee akasema mambo yamekwisha, huyu mama anaingia Ikulu. Wiki haikuisha, mbuzi akaenda kwa kijana. Lakini kilichotusumbua si mbuzi. Mzee hakusema, "Nilikosea." Alisema, "Wameiba." Tulipomwuliza anajuaje, akajibu: kwani redio haikusema anaongoza?

Basi tukaona tuandike juu ya jambo hili, maana nasi tunakwenda kupiga kura Agosti 2027. Kwetu neno "wameiba" si la mchezo. Baada ya uchaguzi wa 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Kura ya maoni tunayoisema hapa si ile ya Katiba ya 2010, ambayo kila mtu alipanga foleni. Hii ni watu mia kadhaa kuulizwa, mara nyingi kwa simu, wangemchagua nani. Majibu yao yanachukuliwa kama picha ya jimbo zima. Na kule Marekani jimbo ni muhimu sana, kwa sababu Rais hapatikani kwa kujumlisha kura za nchi nzima. Kila jimbo lina kura zake za wajumbe, zote pamoja 538, na anayefikisha 270 ndiye mshindi. Iowa ina 6, Wisconsin jirani yake ina 10.

Sasa turudi kwa habari iliyompoteza mzee wetu. Ilitoka kwa mama mmoja mpima maoni, Ann Selzer, aliyefanya kazi hiyo kwa gazeti la Des Moines Register. Aliuliza watu 808. Harris 47, Trump 44 kwa mia. Dunia nzima ikashtuka, maana Trump alikuwa ameshinda Iowa mara mbili bila shida. Siku hiyo hiyo chuo cha Emerson kilitoa kura yake ya jimbo hilo hilo, watu 800, ikisema Trump 53, Harris 43. Ni wangapi kati yetu walisikia hiyo ya Emerson? Hakuna. Haikushangaza mtu, kwa hiyo haikusafiri mpaka kijijini. Kura zilipohesabiwa, Trump alipata karibu 56 kwa mia na Harris 42 na kitu.

Mtu atasema, basi huyo mama ni mwongo. Hapana, ngoja kidogo. Mwaka 2020, Jumamosi kabla ya uchaguzi, mama huyo huyo alisema Trump anaongoza Iowa kwa 7. Kura nyingine nyingi zilisema wagombea wanakaribiana. Wengi wakamshangaa, na Trump akashinda kwa 8. Wiki hiyo hiyo, kura ya shirika la habari la ABC na gazeti la Washington Post ilisema Biden anaongoza Wisconsin kwa 17. Biden alishinda Wisconsin, lakini kwa chini ya asilimia moja, kura kama 20,000 tu. Mnaona taabu yake? Maajabu mawili, wiki moja, majimbo mawili jirani. Moja likawa kweli, lingine likapotea mbali kabisa.

Wakulima wanajua jambo hili kuliko wanavyofikiri. Mnunuzi wa mahindi hamwagi gunia lote. Anachoma kile chuma chenye tundu, wengine hukiita bambo, anatoa konzi moja, anaangalia. Konzi moja inatosha ikiwa mahindi yamechanganyika. Lakini hata yakichanganyika vizuri, konzi mbili hazifanani. Jaribuni kwenye kikundi chenu. Wekeni kwenye beseni maharagwe mekundu na meupe, idadi sawa, changanyeni. Watu 20, mmoja mmoja, wafumbe macho watoe punje 10, wahesabu, warudishe. Wengi watapata nyekundu 4, 5 au 6. Lakini msishangae mmoja au wawili wakitoka na 8, au 2. Hawakuiba na hawakukosea. Ni bahati tu. Wakati wa uchaguzi Marekani hutoa kura za maoni kwa mamia, kwa hiyo huyo wa 8 hakosi kutokea, na ndiye mwandishi wa habari atakayemkimbilia.

Wapimaji wenyewe wanalijua hilo, ndiyo maana hutaja kiwango cha makosa. Kwa ile ya Iowa kilikuwa 3.4. Maana yake 44 ya Trump ingeweza kuwa karibu 41 au karibu 47 kwa bahati ya konzi tu. Lakini alipata karibu 56! Hapo bahati peke yake haitoshi kueleza. Lazima gunia lenyewe halikuchanganyika: walioinua simu hawakufanana na waliokwenda kupiga kura. Tukiuliza juu ya zahanati wale tu waliobaki baada ya Misa, tutawakosa akina mama waliokimbilia kukamua ng'ombe. Hata tukiwauliza wanaobaki mia tano, kosa letu ni lile lile. Na kosa la namna hii halimo ndani ya ile 3.4.

Mwaka 2016 kosa hilo liliwakamata karibu wote pamoja. Kura za maoni za Wisconsin zilimweka Hillary Clinton mbele, Trump akashinda kwa kura kama 22,700. Watu waliosoma sana ndio wanaopenda kujibu wapimaji, na wapimaji wengi hawakusawazisha hesabu zao kwa kisomo. Hapa kwetu pia, mwaka 2022 kampuni kadhaa kubwa zilimweka marehemu Raila Odinga mbele. William Ruto akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.49, Odinga 48.85.

Tufanye nini basi? Ile ya ajabu tusiitupe na tusiimeze. Tuiweke pamoja na wenzake. Tuseme kura tano zinampa Trump 8 mbele, na ya sita inampa Harris 3 mbele. Jumlisha za Trump, 40, toa 3, gawa kwa 6. Trump bado yuko mbele kwa 6 na kitu. Habari mpya imetusogeza kidogo, haijatuhamisha nyumba. Na tukumbuke 2016: hata hiyo 6 si ahadi.

Tunaomba pia tusimlaani mpimaji aliyetoa jibu la peke yake. Wapo wanaopata jibu la ajabu wakalificha kabatini, au wakarekebisha hesabu mpaka ifanane na za wenzao. Hao ndio wanaotudanganya kweli, maana tukiona kura kumi zinazosema neno moja tunadhani ni mashahidi kumi, kumbe ni mmoja na wanaomwigiza. Selzer alitoa alichokipata. Alikosea vibaya, na Desemba 2024 Trump akamshtaki mahakamani pamoja na gazeti lake. Kukosea ni jambo moja, kudanganya ni lingine.

Kuhusu 2027, Kenya ina sheria ya mwaka 2012 juu ya kutangaza kura za maoni. Anayetangaza anatakiwa kusema nani aliyefanya kura hiyo, nani aliyelipia, ni tarehe gani, watu wangapi waliulizwa, na kiwango cha makosa ni kipi. Redio ikisema tu "fulani anaongoza kaunti fulani" bila hayo, katibu wa kikundi anaweza kupiga simu kituoni akauliza. Na kabla ya mtu kuweka mbuzi, aulize pia kama kuna kura nyingine za kaunti hiyo hiyo, na zilisema nini.