BAO: LINDA NYUMBA KABLA YA KULA

Wako watu hapa kwetu Mlimba wanaodhani kuwa mshindi wa bao ana bahati. Sivyo. Katika bao la Kiswahili hakuna karata iliyofichwa. Kila kitu kinaonekana. Anayefungwa mapema, mara nyingi amefungwa na tamaa ya kula.

Tuhesabu kwanza. Bao lina mashimo 32, yaani safu 4 zenye mashimo 8 kila moja. Safu 2 ni zako, 2 za mwenzako. Kete ni 64, kila mtu 32. Nyumba ni shimo la nne kutoka kulia kwako, safu ya mbele. Humo weka kete 6. Katika mashimo mawili yanayofuata kulia, weka kete 2 kila moja. Zinabaki 22 mkononi, nazo hutiwa moja moja kila zamu. Huko ndiko kunamua.

Hebu tazama sasa. Nyumba yako haitazamani na nyumba ya mwenzako. Mbele ya kete zako kuna mashimo matupu. Kwa hiyo anayeanza hana cha kula. Lazima atakate, yaani azungushe kete zake mwenyewe. Basi azipeleke wapi?

Chukua shimo la pili kutoka nyumba. Lina kete 2. Ukitia moja zinakuwa 3. Ukizipeleka kushoto, ya mwisho inaangukia shimo tupu, uso kwa uso na nyumba ya mwenzako. Naye atatia kete nyumbani mwake aile yako. Umempa bure! Ukizipeleka kulia, moja inakaa kichwani, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele. Mbili zinapinda kona na kulala safu ya nyuma, ambako haziliwi. Sasa mwenzako naye hana cha kula. Itabidi atakate. Hapo mnategeana nani atajileta mbele kwanza.

Lakini usijifiche siku zote. Safu yako ya mbele ikiwa tupu kabisa umefungwa, hata kama nyuma umejaza. Ukifungwa hivyo kete bado unazo mkononi, wanasema umefungwa mkononi. Loo, utachekwa wiki nzima!

Nyumba nayo ina heshima yake. Ikiwa na kete 6 au zaidi, na hujaivunja, unapokula na kete ya mwisho ikaangukia humo, una hiari. Unaweza kulala, au kuivunja na kwenda safari. Ukishaivunja, inakuwa shimo kama mengine. Mimi nasema usisafiri kabla hujahesabu safari itaishia wapi.

Tena, nyumba iliyonona ni hatari. Angalia shimo la mwenzako linalotazamana nayo. Likiingia hata kete moja, zamu yake ijayo anaweza kuila nyumba yote. Usingoje. Tia kete nyumbani mwako, uile ile kete yake.

Tena kumbuka, mwenye cha kula haruhusiwi kutakata. Fundi wa bao anaijua sheria hiyo sana. Hukuwekea kete moja mahali ambapo huna hamu nayo. Utaila tu, maana ni lazima, na yeye ameshahesabu kete zako zitaishia wapi.