Fahamu: Jua la Kabuku, vitamini D na saratani ya matiti
Anayeshinda juani kwenye mashamba ya mkonge Kabuku, ngozi yake hutengeneza vitamini D. Ini na figo huikamilisha, kisha kipokezi ndani ya seli huishika. Jeni zinazoongoza kazi hiyo hutofautiana mtu na mtu, ndiyo maana watafiti waliwachunguza wanawake wa China kuona kama zinahusiana na saratani ya matiti. Majibu yamegongana.

Utafiti wa mwaka 2012 uliwakuta Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania na wastani wa nanomoli 115 za vitamini D kwa lita ya damu, kiwango kizuri sana. Lakini vitamini D nyingi si kinga iliyothibitishwa ya saratani: Marekani, katika jaribio la watu 25,871, vidonge vya vitamini D havikupunguza idadi ya waliopata saratani.

Mama, dada, ukigusa uvimbe kwenye titi, hata usiouma, wahi kituo cha afya.