Ramani ya Zamani ya Mji wa Musoma

Mwanakisomo mmoja wa Bukima alitaka kununua kiwanja mjini Musoma, karibu na maji. Muuzaji alimwonyesha ramani ya zamani. "Tazama," alisema, "hapa ni nchi kavu."

Je, aliambiwa kweli? Tuisome ramani.

Ramani huonyesha nchi kama ndege aionavyo kutoka juu. Utauona mji kwenye rasi, yaani nchi iliyoingia ziwani. Utaiona Ghuba ya Mara, bandari, na Kinesi ng'ambo ya maji.

Kwanza tafuta mwaka. Wengi hawautazami. Ramani husema kweli ya mwaka wake tu. Tuseme ilichorwa mwaka 1958. Mji ni mdogo. Nyumba nyingi za leo hazimo. Daraja la Kirumi nalo halimo, maana lilijengwa katika miaka ya 1980. Kabla ya hapo magari yalivuka kwa pantoni.

Hata ukingo wa ziwa si ule ule. Kati ya mwaka 1961 na 1964 mvua zilikuwa nyingi mno. Ziwa Viktoria lilipanda zaidi ya mita 2. Mashamba ya ukingoni yalifunikwa na maji. Mwaka 2020 ziwa lilijaa tena, na watu wakahama. Basi "nchi kavu" ya mwaka 1958 yaweza kuwa mahali pa kambale.

Sasa tazama mistari myembamba ya rangi ya kahawia. Inaitwa kontua. Ukitembea kwa kufuata mstari mmoja, hupandi wala hushuki. Mistari ikisongamana, hapo pana mteremko mkali. Ikiachana sana, nchi ni tambarare. Maji yakipanda kidogo tu, huko yatafika mbali.

Mwisho ni kipimo. Ramani nyingi za namna hii ni za 1 kwa 50,000. Sentimita 2 juu ya karatasi ni kilomita 1 juu ya ardhi. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Mita 60 kwenye ramani hiyo ni kama upana wa punje moja ya ulezi! Nani atagombea kiwanja kwa punje ya ulezi?

Mwanakisomo wetu aliikunja ramani. Alichukua kamba ya mita 20, akaenda kupima ukingoni. Aliinyoosha mara mbili tu, akafika kwenye kiwanja.