Matandiko Makavu Katika Hewa ya Ziwa

Shuka nyingi zinazoharibikia kabatini kandokando ya Ziwa Victoria, kuanzia Port Victoria hadi Kisumu, huharibiwa na unyevu kabla mkunjo mbaya haujapata nafasi. Pamba hunywa maji yaliyomo hewani. Shuka inayoonekana kavu kabisa bado hubeba maji yanayofikia asilimia 7 au 8 ya uzito wake, na hewa ikizidi kuwa nzito kiwango hicho hupanda. Hewa iliyofungiwa kabatini ikikaa na unyevu wa zaidi ya asilimia 70 kwa siku kadhaa, ukungu huota: kwanza harufu, halafu madoa meusi yasiyotoka hata kwa kusuguliwa.

Kwa sababu hiyo, kazi ya kukunja huanzia kwenye kamba ya kuanikia. Asubuhi upepo wa mwambaoni hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Ifikapo mchana hugeuka na kuleta hewa ya maji, na alasiri za msimu wa mvua huja na radi. Shuka zilizotundikwa mapema huwa zimekauka kabla ya mgeuko huo. Mahali pa kupima si katikati ya kitambaa bali ni kwenye pindo, ambako nyuzi zimerundikana na maji hujificha. Shuka iliyopigwa pasi nayo iachwe ipoe kwanza, maana mvuke wa pasi bado umo ndani.

Wakazi wa pwani za wavuvi, kama Marenga pale Port Victoria, wana tahadhari mbili za ziada. Kamba isiwe upande unaopelekewa upepo kutoka kwenye omena iliyoanikwa, kwani pamba hushika harufu kwa urahisi uleule inavyoshika maji. Tena shuka nyeupe isiachwe nje jua linapozama. Wadudu wa ziwani, wanaopaa majini kama moshi, huvutwa na weupe na mwanga, na mmoja akibanwa ndani ya mkunjo huacha alama.

Kukunja kwenyewe ni kwepesi. Kwanza hupimwa rafu au sanduku, kwa kuwa upana wa mkunjo wa mwisho hutegemea nafasi iliyopo. Shuka ya kitanda cha futi 4 kwa 6 hukunjwa na watu wawili wakitazamana: pindo kwa pindo mara moja, kisha mara ya pili, ndipo urefu ukunjwe mara tatu. Mkunjo ulioviringika ndio unaotazama mbele ya rafu, ili mkono uchomoe shuka moja bila kuvuruga rundo.

Shuka yenye lastiki ndiyo inayowashinda wengi, na dawa yake imo katika pembe. Mikono huingizwa ndani ya pembe mbili za upande mmoja, shuka ikiwa imegeuzwa ndani nje. Pembe ya kulia huvikwa juu ya ile ya kushoto. Mbili zilizobaki hufuata hivyohivyo, hadi zote nne zikae pamoja. Kisha shuka hulazwa kitandani, lastiki ikitazama juu, na kingo zilizokunjamana huingizwa ndani mpaka umbo la mstatili lipatikane. Baada ya hapo hukunjwa kama shuka nyingine yoyote. Seti nzima hutiwa ndani ya foronya mojawapo, na hakuna tena kutafuta foronya ya pili usiku wageni wamefika.

Seti inayokaa miezi bila kutumika ifunguliwe na kukunjwa upya kwa mistari tofauti, kwa sababu nyuzi huchoka pale zinapovunjwa kila mara. Wanga hauhitajiki kwenye shuka za akiba. Kuna wadudu wanaoula, na kitambaa huliwa pamoja na wanga huo.

Sanduku la bati, kama yale yanayofuliwa na mafundi wa jua kali wa Kisumu na kubebwa na wanafunzi wa bweni, huzuia panya vizuri kuliko kabati lolote. Ubaya wake ni kutu. Ndani hutandikwa leso kuukuu iliyofuliwa. Gazeti huchafua kwa wino na kufanya kitambaa cheupe kuwa cha manjano. Mfuko wa nailoni uliofungwa kabisa hunasa unyevu, hivyo haufai kwa akiba ya muda mrefu.

Viwavi vya nondo hula sufu, si pamba safi, kwa hiyo la kulindwa ni blanketi la sufu. Majani makavu ya mwarobaini yakifungwa katika kitambaa husaidia kufukuza wadudu, ingawa hayawezi kuwamaliza. Vidonge vya naftalini vina hatari kubwa zaidi ya sifa zake: mtoto mchanga mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali iliyoenea katika maeneo ya malaria kama mwambao huu, anaweza kuvunjikiwa chembe nyekundu za damu kwa kulalia nguo zilizotunzwa navyo. Kunguni hawajali dawa hizo. Kinachowaua ni maji ya nyuzi joto 60 na kuendelea.

Chandarua chenye dawa hufuata kanuni iliyo kinyume cha ile ya shuka. Hufuliwa kwa sabuni isiyo kali na kukaushwa kivulini, kwa sababu jua huvunja dawa iliyomo kwenye nyuzi.

Bunyala, ambako mto Nzoia huvunja kingo na ambako ziwa lenyewe lilipanda kupita kiasi mwaka 2020, hubadilisha hesabu. Hapo mfuko wa nailoni unafaa, lakini kwa siku za kuhama tu: seti moja kwa kila mtu, juu ya kabati au darini, ibebeke kwa mkono mmoja. Matandiko yaliyoguswa na maji ya mafuriko hufuliwa kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kuanikwa, maana maji hayo huwa yamepitia vyooni. Blanketi zito hupewa siku mbili au zaidi za jua, likigeuzwa, ndipo lirudi sandukuni.