Amplifaya za valvu: Mnunuzi analipia sauti au jina?

AMPLIFAYA ya gitaa inayotumia valvu ni bidhaa ambayo, kwa hesabu za kawaida za biashara, ilipaswa kuwa imekufa zamani. Transista iliyobuniwa katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1947 iliziondoa valvu katika redio, televisheni na kompyuta. Lakini katika soko la vyombo vya muziki valvu hazikuondoka, na zipo amplifaya za aina hiyo ambazo moja tu imefikia kuuzwa kwa zaidi ya dola 100,000 za Marekani.

Bei hiyo huvuta watu wa aina mbili. Wa kwanza ni mpiga gitaa anayetafuta sauti. Wa pili ni mwenye akiba ndogo anayetafuta mahali pa kuiweka, baada ya kusikia kuwa vifaa hivi havishuki bei. Huyu wa pili ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi, kwa sababu soko hili lina bidhaa mbili zinazofanana kwa sura lakini bei zake hazina mwenendo mmoja.

Butiki ni nini?

Kama ilivyo kwa maduka ya nguo, neno "butiki" katika biashara hii lina maana ya bidhaa chache, zinazotengenezwa kwa mkono katika karakana ndogo na kuuzwa kwa bei ya juu kuliko zile za kiwandani. Majina makubwa ya kiwandani ni Fender ya Marekani, pamoja na Marshall na Vox zilizoanzia Uingereza. Karakana ndogo zilipata nafasi pale wapiga gitaa walipoona viwanda vikubwa vimebadili saketi za zamani na kuanza kutumia bodi zilizochapwa, badala ya fundi kuunganisha waya mmoja mmoja.

Jambo la kwanza ambalo mwekezaji anapaswa kulielewa ni kwamba saketi hizi si siri. Mwaka 1962 Jim Marshall na mafundi wake mjini London walitengeneza amplifaya yao ya kwanza, JTM45, kwa kufuata karibu moja kwa moja saketi ya Fender Bassman ya mwishoni mwa miaka ya 1950. Tangu hapo biashara hii imeendeshwa kwa mtindo huo huo: fundi huchukua saketi inayojulikana, akaboresha vipuri, akabadili thamani chache, kisha akaweka jina lake.

Wateja huzing'ang'ania valvu kwa sababu inayoeleweka. Valvu inapozidiwa na nguvu ya sauti haikatiki ghafla. Huanza kukwaruza polepole, na kiasi cha mkwaruzo hufuata mkono wa mpigaji. Akigusa uzi taratibu sauti inakuwa safi, akiuchapa inakaza. Hiyo ndiyo bidhaa halisi inayouzwa.

Bei inajengwa na mambo matatu

Katika kila amplifaya ya butiki, bei ina sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ni vifaa na kazi: transfoma, spika, kabati la mbao, valvu na saa za fundi. Sehemu ya pili ni jina la mtengenezaji. Sehemu ya tatu ni uhaba.

Sehemu ya kwanza inapungua tangu siku kifaa kinapotoka dukani, kama ilivyo kwa gari. Ya pili hupanda na kushuka kufuatana na mtindo wa wakati. Ni ya tatu peke yake inayoweza kumlipa mwekezaji, na tatizo lake ni kwamba hainunuliki mapema kwa uhakika.

Mfano unaotajwa zaidi ni wa Howard Alexander Dumble wa California, aliyefariki Januari 2022. Alitengeneza amplifaya kwa oda, akizirekebisha kulingana na mkono wa mwanamuziki husika, na idadi yake yote inakadiriwa kuwa kiasi cha 300 tu. Baadhi ya saketi alizimwagia gundi ngumu ili zisinakiliwe. Wapiga gitaa mashuhuri kama Carlos Santana na Robben Ford wamezitumia. Hapa ugavi umefungwa, na wanaozitaka ni matajiri na wakusanyaji wa vitu adimu.

Ken Fischer wa New Jersey, aliyefariki mwaka 2006, naye alitengeneza chache kwa jina la Trainwreck. Badala ya namba, alizipa amplifaya zake majina ya wanawake. Ugonjwa ulimpunguzia uwezo wa kufanya kazi, na uhaba huo ukawa sehemu ya bei.

Hali ni tofauti kwa karakana ambazo bado zinazalisha. Matchless, iliyoanzishwa mwaka 1989 mjini Los Angeles na Mark Sampson na Rick Perrotta, ilipata sifa haraka kwa DC-30, amplifaya ya wati 30 iliyojengwa juu ya wazo la Vox AC30. Pamoja na sifa hizo, kampuni ilifunga shughuli zake mwishoni mwa miaka ya 1990 kabla ya kufufuliwa. Sauti nzuri haikuizuia kampuni kukwama. Mwenye kununua kifaa kipya cha karakana ndogo anabeba pia hatari hiyo: mtengenezaji akifunga milango, dhamana inabaki karatasi.

Kwa hiyo bei ya dola 100,000 ya Dumble haisemi lolote kuhusu bei ya kesho ya amplifaya mpya ya dola 3,000, hata kama muuzaji anadai kuwa zinatoa sauti moja. Maadamu fundi anaweza kutengeneza nyingine mwezi ujao, uhaba haujapatikana.

Kulinganisha kabla ya kulipa

Kosa la kawaida ni kulinganisha kwa wati. Kuongeza wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huisikia kwa kiasi. Ili sauti isikike kuwa kubwa takriban mara mbili, nguvu inatakiwa kuongezwa kama mara 10. Amplifaya ya wati 50 kwa hiyo haina ukubwa wa sauti mara mbili ya ile ya wati 25. Aidha, yenye nguvu nyingi hulazimika kufunguliwa sana kabla ya valvu zake za mwisho kuanza kukwaruza, na wengi hawana ukumbi wa kufanyia hivyo. Ndiyo maana za wati 15 hadi 30 huuzika kwa urahisi zaidi kwa wapigaji wa nyumbani na wa kumbi ndogo.

Jambo la pili ni familia ya valvu. Amplifaya kubwa za Fender zinajulikana kwa 6L6, na ndogo kwa 6V6. Marshall nyingi hutumia EL34, na Vox AC30 hutumia EL84. Mnunuzi akijua familia, ataweza kulinganisha kifaa cha butiki na cha kiwandani cha ukoo ule ule, badala ya kulinganisha maembe na machungwa.

Tatu, ulinganisho wa haki unafanywa kwa gitaa moja, spika moja na kiwango kimoja cha sauti. Spika peke yake inaweza kubadili sauti kuliko saketi. Na iwapo kifaa kimoja kimefunguliwa juu kidogo, msikilizaji ataelekea kukisifu hicho. Wauzaji wazoefu wanalifahamu hilo. Asiyefanya majaribio kwa utaratibu huu anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Kuhusu kuunganishwa kwa mkono, faida yake ya uhakika ni matengenezo: fundi hukiona kila kipuri na kukibadili bila kuharibu bodi. Hiyo ni faida yenye thamani ya fedha. Dai kwamba waya za mkono peke yake huleta sauti bora linapaswa kuthibitishwa na sikio la mnunuzi mwenyewe.

Gharama za kumiliki

Amplifaya ya valvu si dhahabu ya kufungia sandukuni. Valvu za mwisho huchoka. Anayepiga mara kwa mara huzibadili baada ya mwaka mmoja au miwili, na katika amplifaya nyingi fundi hulazimika kupima na kurekebisha mkondo upya. Kapasita za umeme hukauka kwa miaka, hata kifaa kikiwa kimekaa bila kutumika. Ndani mna volti zaidi ya 400, ambazo zinaweza kubaki hata baada ya waya kuchomolewa ukutani na zinaweza kuua. Kazi hii si ya kujaribiwa na asiye fundi.

Ugavi wa valvu zenyewe ni mwembamba. Valvu nyingi za amplifaya za gitaa hutengenezwa katika nchi tatu tu: Urusi, Slovakia na China. Machi 2022, baada ya vita vya Ukraine kupamba moto, Urusi ilizuia usafirishaji wa bidhaa kadhaa nje ya nchi, na valvu za kiwanda cha Saratov zikaguswa. Zuio hilo lilikuja kulegezwa, lakini wanunuzi walikwishakimbilia madukani na bei zikapanda. Mwenye amplifaya aligundua kuwa gharama zake zinategemea siasa za mbali.

Kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki kuna jambo la ziada. Umeme wa Marekani ni volti 120 na mzunguko wa hezi 60. Wa Tanzania na Kenya ni takriban volti 230 hadi 240 na hezi 50. Amplifaya iliyotengenezwa kwa soko la Marekani pekee ikichomekwa moja kwa moja itaungua. Transfoma ya kushusha umeme hurekebisha volti lakini haibadili hezi, hivyo inafaa kumwuliza mtengenezaji kama transfoma ya ndani inastahimili hezi 50. Nauli ya mzigo mzito wenye vioo, bima na ushuru wa forodha navyo viingizwe kwenye hesabu kabla ya oda kutumwa.

Hesabu ya miaka mitatu

Chukulia, kwa mfano tu, mnunuzi wa kwanza amenunua amplifaya mpya kwa dola 3,500 na baada ya miaka mitatu akaiuza kwa dola 2,300. Amepoteza 1,200. Akiongeza 300 za valvu, 150 za fundi na 200 za usafirishaji, gharama yake ni dola 1,850, yaani kiasi cha 617 kwa mwaka.

Mnunuzi wa pili amechukua kifaa hicho hicho kilichotumika kwa dola 2,300, akakiuza kwa 2,200. Gharama nyingine zikiwa zile zile, jumla yake ni dola 750, sawa na 250 kwa mwaka. Sauti waliyoipata ni moja. Tofauti ya dola 1,100 ni ada aliyolipa wa kwanza kwa kutangulia.

Hata hivyo, hata huyo wa pili hakupata faida. Amepata chombo kwa gharama nafuu, na hilo ni jambo tofauti na uwekezaji.

Mshindani asiye na valvu

Soko hili pia linashinikizwa na vifaa vya kidijitali vinavyoiga sauti ya valvu. Mwaka 2019 Fender yenyewe ilitoa Tone Master Deluxe Reverb, isiyo na valvu hata moja, ikiiga amplifaya yake maarufu ya miaka ya 1960 kwa uzito mdogo zaidi. Kampuni yenye jina kubwa katika valvu inapouza mbadala wake, mwenye akiba anapaswa kuzingatia. Mbadala hauzigusi sana zile adimu, ambazo hununuliwa kwa historia yake. Unazigusa zile za bei ya kati, ambazo ndizo mtu mwenye mtaji mdogo anaweza kuzimudu.

Kwa mfanyabiashara, fursa iliyo wazi zaidi haimo katika kuhifadhi amplifaya ili zipande bei, bali katika huduma: valvu, spika na matengenezo, ambavyo kila mwenye kifaa atavihitaji. Kwa mpiga gitaa, ushauri ni kununua kilichotumika, chenye fundi anayekifahamu, na kwa fedha ambazo hazikutengwa kwa ada ya shule wala kodi ya pango. Na kwa anayeambiwa kuwa bei haiwezi kushuka, inafaa amwulize muuzaji swali moja: kama ni hivyo, kwa nini anaiuza?