"Jumamosi Nakuua": Maneno ya Vijana wa Michano na Hukumu Yake

Sifa zote njema zinamstahiki Allaah, Mola wa walimwengu, na Swalah na Salaam zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam).

Tulipokuwa Makote, Newala, kwa ajili ya darsa, baba mmoja alitufuata baada ya Swalah ya 'Ishaa akiwa na simu ya mwanawe mkononi. Kijana ana miaka 17, anasoma madrasa, na jioni hukaa kijiweni na wenzake wakichana. Ndani ya simu mlikuwa na ujumbe aliompelekea mwenziwe wa Masasi: "Jumamosi nakuua, nakuzika mbele ya watu." Mzee alikwishamfukuza nyumbani siku mbili, na swali lake lilikuwa: "Shehe, nimpeleke polisi?"

Tukamwomba amwite kijana. Aliyotueleza tumeona tuyaandike, kwani wazazi wengi, na tuseme kweli, walimu wengi wa madrasa, hatuyajui. Sisi Unguja tukisikia kuchana tunafikiria kitana au nguo iliyoraruka. Kwa vijana, kuchana ni kutoa maneno yenye vina juu ya mdundo.

Bato ni mashindano ya hayo. Wawili wanasimama, kila mmoja anapewa zamu yake kumshusha mwenziwe kwa mistari, na waliowazunguka ndio mahakimu kwa makelele yao. Asili yake ni New York. Wanaoijua fani hiyo huutaja sana mchuano wa mwaka 1981 pale Harlem, ambapo Kool Moe Dee alimshambulia Busy Bee kwa maneno mbele ya watu. Filamu ya 8 Mile ya mwaka 2002 ikaieneza bato duniani.

Katika lugha yao, "kuua" ni kumshinda mtu hata akose jibu, na "kuzika" ni hivyo hivyo kwa kutia chumvi. "Panchi" ni ngumi, yaani ule mstari wa mwisho unaopiga. "Kudisi" ni kumvunjia mtu heshima kwa makusudi. "Bifu" kwa Kiingereza ni nyama ya ng'ombe, lakini Wamarekani walilitumia kwa maana ya lalamiko tangu kabla ya rap kuzaliwa, na sasa ni ugomvi. Anayetunga papo hapo, wanasema anatoa mitindo huru.

Kushindana kwa maneno si jambo geni kwetu. Jarir na al-Farazdaq, miaka 1,300 hivi iliyopita, walijibizana kwa miaka mingi katika soko la Mirbad kule Basra, huyu akitoa shairi na yule akilijibu kwa bahari ile ile na kina kile kile. Tuliyasoma chuoni kama fasihi, na wallahi mengine yana matusi ambayo mwalimu wetu aliyaruka. Hassaan bin Thaabit (Radhiya Allaahu 'anhu) naye aliwajibu washirikina wa Makkah kwa mashairi kwa amri ya Mtume. Suala la ala za muziki lina mlango wake na hatulifungui hapa. Tunazungumzia maneno.

Basi "nakuua" ya kijana huyu hutazamwa kwa makusudio yake na kwa ada ya wanaozungumza, kama walivyokaidisha wanachuoni. Yule wa Masasi alielewa, akajibu kwa kucheka. Hapana kosa la polisi hapo. Lakini haifai kumtisha Muislamu hata kwa mzaha, na ujumbe kama huo ukiangukia kwa asiyejua, ndio haya yaliyomfika mzee wetu.

Tukamwomba kijana atusomee mistari aliyoitayarisha. Karibu nusu ilikuwa juu ya mama wa mwenziwe. Akasema, "Ni utani tu, shehe." Na kweli Wamarekani weusi wana mchezo wa zamani wa kutukaniana mama, unaoitwa "dozens", na bato imerithi mengi kutoka huko. Lakini utani wa huku kwetu watu wanajuana, kabila kwa kabila na ukoo kwa ukoo, na una mipaka yake. Bato inarekodiwa, na kesho mama mwenyewe anaisikia kwenye simu ya jirani. Mtume ametufundisha kwamba katika madhambi makubwa ni mtu kuwatukana wazazi wake. Maswahaba wakastaajabu: vipi? Akabainisha kuwa humtukana baba wa mwenziwe, naye akatukaniwa wake, na vivyo hivyo mama. Na mstari unaomsingizia mwanamke zinaa ni qadhf, kina kisikudanganye. Imepokewa kwamba 'Umar (Radhiya Allaahu 'anhu) alimfunga mshairi al-Hutay'ah kwa kuwachafulia watu heshima zao.

Lililotuhuzunisha zaidi baba hakuliona, kwa kuwa halikuandikwa kwa Kiswahili. Kwenye wasifu wa simu kijana alijiita "rap god", yaani mungu wa rap, na wenziwe akiwaita "G". Leo wengi hudhani G ni jambazi tu. Lakini mwaka 1964 Harlem lilizuka kundi lililojitenga na Nation of Islam, likifundisha kwamba mtu mweusi ndiye mungu, na wafuasi wake wakiitana "God", kwa ufupi G. Duara la wachanaji, "cypher", nalo ni neno lao, na la ajabu ni kwamba asili yake ni "swifr" ya Kiarabu, sifuri. Duara halina neno. Ila kujipa uungu, hata kwa majazi, haijuzu, na aliyefanya kwa kutojua hufundishwa, hakufurishwi.

Tulimwambia baba amrudishe mwanawe nyumbani usiku ule ule. Kijana tukamwambia: ukienda Jumamosi, mama za watu uwaache majumbani mwao, mpige mwenzako kwa mistari yake mwenyewe na udhaifu wa vina vyake. Akasema hiyo ni ngumu zaidi. Akachukua simu, akafuta lile neno, akatuuliza aandike nini badala yake. Tukamwambia aandike jina alilopewa na babake.

Wallaahu a'lam.